Pono wa Ukurasa wa Kumi na Nne

Nianze na jambo ambalo kwa miaka tisa nimelikana mbele ya mhariri wangu, mbele ya walimu wakuu, mbele ya mume wangu, na mara moja mbele ya askofu aliyekuja kufungua maktaba: kitabu changu cha samaki wa matumbawe nilikiandika bila kumwona samaki wa matumbawe hata mmoja. Si hai, si wa kukaanga. Nilikiandika hapahapa Tunduma, juu ya meza ya chakula, nikisogeza sahani. Bahari nilikuwa nimeiona mara chache nikiwa chuo kikuu, na mara zote nilisimama mahali pakavu. Kuogelea sijui.

Zilikuwa enzi zile wachapishaji binafsi walipoanza kufungua ofisi kila kona na kutafuta mtu yeyote mwenye digrii na kalamu. Mhariri mmoja alikuwa amekwisha chapa kijitabu changu cha nyuki na kingine cha choo cha shimo. Akaniuliza kama naweza kuandika cha samaki wa miamba ya bahari. Nikasema naweza. Akauliza kama nimewahi kuzamia. Nikasema, "Zamani kidogo." Nilichokuwa nacho ni kitabu kikuukuu cha Kiingereza, kisicho na jalada, nilichokikuta kwenye mitumba upande wa Zambia. Picha zilikuwa nzuri. Kwenye utangulizi nikaandika kwamba haya yote nimeyashuhudia kwa macho yangu kwa miaka mingi. Sentensi hiyo ilinijia kirahisi kuliko zote.

Kisha mwaka huu ikaja barua kutoka Mafia, imepitia kwa mchapishaji. Imeandikwa na mama mmoja, Mwanahawa, mvuvi wa pweza. Alisema alifanya mtihani wa kupata kitambulisho cha kuongoza wageni wanaokuja kuzamia na kutazama samaki. Mtihani ulitungwa kutoka kwenye kitabu changu. Amefeli kwa alama moja. Swali lilionyesha picha mbili za ukurasa wa kumi na nne, pono wa kijani na pono wa kahawia, na kumtaka mtahiniwa aeleze tofauti za samaki hao wawili wasiohusiana. Yeye aliandika: "Ni mume na mke."

"Mwandishi," barua iliendelea, "hawa nimekaa nao tangu utoto. Wewe umewaandika kama majirani wasiosalimiana. Rufaa zinapokelewa mpaka Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa sita mchana. Baada ya hapo haijulikani mtihani mwingine ni lini, na magoti yangu hayataki tena pweza. Njoo uangalie."

Ningeweza kuandika barua kwamba mama yule yuko sahihi. Ila nisingejua kama yuko sahihi. Na niseme ukweli, kwa kuwa leo ndiyo siku yake: nilitumaini amekosea.

Mmeniuliza kanisani, mmeniuliza sokoni, mmeniuliza hata msibani. Ilikuwa hivi.

Tunduma: kaka na dada

Kabla ya safari nilifanya mazoezi. Kaka yangu, Simbeye, alinikatia kipande cha mpira wa kumwagilia bustani, nami nikalaza uso kwenye beseni la maji nikipumua kwa mpira huo. Dada wa kazi aliita majirani. Walipofika walinikuta nimeinama, makalio juu, nikitoa sauti kama birika. Mmoja wao alianza kuomba kwa sauti.

Jumamosi kaka alinisindikiza kituoni, akaingia hadi ndani ya behewa kunipandishia begi. Chumba kilikuwa cha wanawake. Kondakta, kijana wa Pwani kwa lafudhi yake, akasimama mlangoni.

"Mzee, humu ni akina mama."

"Namsaidia dada yangu mzigo," kaka akasema.

"Unaitwa nani?"

"Simbeye."

Akanigeukia. "Na wewe mama?"

"Nambeye."

Akatutazama kwa zamu. "Jamani, hata uongo hupangwa kabla."

Tulimweleza, kama tulivyokwisha kuwaeleza makarani wa nchi nzima, kwamba kwa Wanamwanga ukoo ni mmoja lakini wa kiume huanza na Si na wa kike na Na. Baba mmoja, mama mmoja, majina mawili. Alisikiliza kwa adabu ya mtu asiyeamini. Kaka akateremka, na kutoka chini akanipigia kelele dirishani:

"Dada! Ukizama tukuletee jeneza huko huko, au urudi na hili hili treni?"

"Nirudi na treni," nikamjibu. "Nikiwa maiti sitakuwa na haraka."

Hadi Mlimba: ushauri wa mfanyabiashara

Kitanda cha mbele yangu kilikuwa cha Mama Chanda, mwanamke wa Nakonde, upande wa pili wa mpaka wetu, anayekwenda Dar kufuata vitenge. Alikuwa mnene, mcheshi, mwenye mfuko wa kapenta, dagaa wa ziwani, za kukaanga ambao haukuisha. Tulipomaliza salamu za Kibemba, mwapoleni na mukwai, akauliza, akiniita mama kwa lugha hiyo:

"Bamayo, unafuata nini Dar?"

"Napita tu. Nakwenda Mafia. Nafuata samaki."

"Ah! Biashara. Wa aina gani?"

"Pono."

"Utabeba magunia mangapi?"

"Sibebi. Nakwenda kuwaangalia."

Akaacha kutafuna. "Kuwaangalia, halafu?"

"Halafu narudi."

Alinitazama hadi tukapita Vwawa. "Mume wako anajua?" akauliza hatimaye, kwa upole, kama muuguzi.

Kesho yake treni lilisimama Mlimba kupisha la mizigo. La mizigo halikuonekana. Saa ya kwanza abiria walikasirika, saa ya tatu wakaanza kufahamiana, saa ya tano akina mama wa pale wakawa wametuuzia wali, kuku, ndizi na miwa, na mtu akawa anasuka nywele kwenye ngazi ya behewa la nne. Nilimweleza Mama Chanda habari yote. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu hakuwa askofu.

Alichambua mfupa wa kuku, akafikiri.

"Kwa hiyo unasafiri siku zote hizi kumwomba Mungu yule mama awe amekosea."

Nikakana. Nilikuwa na uzoefu wa kukana.

"Usibishe, bamayo. Mimi nauza vitenge. Mteja akileta kitenge kilichochuja, kwanza namwambia amefua vibaya. Kila siku namwambia amefua vibaya." Akatupa mfupa nje ya dirisha. "Lakini sijapanda treni kwenda kuangalia anavyofua. Wewe una kichaa kuliko mimi."

Nilikipokea kama sifa. La mizigo likapita jua likielekea magharibi, na watu wakalipigia makofi.

Nyamisati: maji hayaambiwi

Niliingia Dar Jumatatu asubuhi nilipotakiwa kuingia Jumapili, nikapanda basi la kwenda kusini, na Jumanne mchana nilikuwa Nyamisati, mwisho wa barabara, kwenye mikoko. Huko boti ya injini huwavusha watu kwenda Kilindoni, Mafia. Nilimkuta nahodha amekaa juu ya pipa, anakula chapati.

"Boti inaondoka saa ngapi?"

"Maji yakijaa."

"Yatajaa saa ngapi?"

"Leo yamekwisha jaa."

"Kesho je?"

"Kesho yatajaa. Lakini kesho hatuondoki, mzigo wa saruji haujafika."

Nilimwambia nina shughuli isiyovuka Ijumaa saa sita. Akanyanyua macho kuangalia mkono wa mto, uliobaki tope tupu na kaa wakikimbizana. "Mwambie yeye," akasema, akionyesha tope kwa chapati.

Nilikaa siku mbili kwenye benchi la mama anayepika supu ya pweza. Sikuwahi kula pweza. Nilipoona zile duara duara kwenye bakuli nikauliza kama zinaliwa au zinatolewa. Yule mama akasema, "Hizo ndizo zinazoliwa, hayo mengine ni ya kushikia." Nikala. Ni kama kutafuna kifutio, kisha ghafla ni kitamu. Kila aliyepita aliniuliza natoka wapi, na nilipotaja Tunduma walinihurumia kwa kukaa mbali na kila kitu. Sisi tunaamini kila kitu hupita kwetu.

Alhamisi alfajiri maji yakajaa, saruji ikawa imefika, tukaondoka. Ya njiani sisimulii. Nilitapika kwa utaratibu, kwenye ndoo moja, na mzee mmoja akinishikia mtandio.

Kilindoni: mtaalamu amefika

Mwanahawa, niliyempelekea habari kabla ya safari, alikuwa kwenye gati. Nilitarajia bibi, alikuwa mtu wa rika langu, mwembamba, kanga mbili zimefungwa vizuri, viganja vimekwaruzwa na miamba. Alisalimia kwa kirefu. Nilijibu kwa kifupi, maana nchi ilikuwa bado inayumba.

"Nilidhani una miwani," akasema.

"Ninayo. Imo kwenye begi."

"Vizuri. Nimewaambia watu unavaa miwani."

Sikujua amewaambia watu wangapi hadi tulipofika kijijini kwake, nilipokuta mstari wa watu wameweka ndoo za samaki uani. Mwandishi wa kitabu amekuja. Awatambue.

Sasa, sisi wa Tunduma samaki tunamjua akiwa mkavu. Anakuja kwa gunia, kutoka Rukwa au Tanganyika, na wote ni kahawia. Mnunuzi anamchukua mmoja, anamvunja shingo karibu na sikio, na mlio ukiwa mkali anajua amekauka sawasawa. Baada ya hapo ananusa kama ana mchanga. Mama yangu alinifundisha hivyo, na mama yake alimfundisha hivyo. Basi nilipokabidhiwa samaki wa kwanza, mwenye rangi zote za sherehe na bado anapumua, mikono yangu ilifanya ilichofanya maisha yote. Nilimwinua sikioni na kujaribu kumvunja shingo.

Mstari mzima ukasogea kuona.

"Mwalimu anampima nini?" mzee mmoja akanong'ona.

"Wataalamu wana njia zao," mwingine akamjibu.

Samaki akaniponyoka, akanipiga kofi la mkia, akaanguka. Nikasema kwa sauti ya kitaalamu, "Huyu ni changu."

Wakatazamana. Watu wa Mwambao wana adabu inayoumiza kuliko tusi. "Naam," akasema mzee, "anaweza kuwa changu. Sisi huku tumezoea kumwita tasi."

Jioni ile Mwanahawa alipika wali wa nazi na samaki wa kukaanga. Nilimsifu samaki. Nikamwuliza ni nani.

"Ukurasa wa kumi na nne," akasema. "Nimemtoa magamba tu."

Nilimtazama kwenye sahani. Kahawia, mkavu, mzuri. Huyo ningemtambua popote, ilmradi nisiulizwe jina.

Tulipokuwa tunanawa nilimwuliza wengine waliofanya mtihani walionaje lile swali. Akasema wanaume wanne wa pale wamefaulu, wote. "Walikariri kitabu chako. Mmoja wao, shemeji yangu, ukimweka majini hajui pono na kandambili. Lakini ukurasa wa kumi na nne anao kwa moyo." Alisema bila kinyongo. Ingekuwa afadhali angekuwa na kinyongo.

Sikumwambia, bado. Nilikwenda kulala nikiwa mwalimu.

Kwenye mwamba

Ijumaa asubuhi na mapema alinipakia kwenye mtumbwi, akaniletea miwani ya kuzamia na mrija alivyoachiwa na wageni. Alipoegesha juu ya mwamba, akaniambia nishuke.

Nilishika ukingo wa mtumbwi kwa mikono miwili.

"Bi Mwanahawa, kuna jambo."

"Hujui kuogelea," akasema.

"Umejuaje?"

"Tangu jana umekuwa ukiyaangalia maji kama mtu aliyeona mbwa mkali." Akanyanyua dumu tupu la mafuta ya kupikia, lita ishirini, kifuniko kimekazwa. "Nimekuja nalo."

Akanifunga kwenye dumu kwa kanga yake ya pili, kifua juu ya dumu, akanitelemsha majini kama mzigo wa dhamana. Maji yakanifika masikioni. Nikakumbuka beseni, nikakumbuka kupumua, nikasahau, nikakumbuka tena. Kisha nikafungua macho.

Nimeandika kurasa sitini kuhusu mahali hapa na hakuna hata moja iliyotaja kwamba pana kelele. Chini kulikuwa na mlio kama wa watu mia wanatafuna karanga za kukaanga. Ni pono. Wanang'ata mwamba kwa midomo yao migumu, wanausaga, wanautoa nyuma ukiwa mchanga mweupe. Mchanga wote ule watu wanaosafiri kutoka Ulaya kuja kuulalia! Nilicheka ndani ya mrija na kunywa maji ya bahari.

Mwanahawa akazama bila mrija wala miwani, macho wazi, akanishika bega na kunionyesha. Wa kijani alikuwa mkubwa, ana waridi shavuni. Kando yake wa kahawia watano au sita, wadogo, wanakula. Wa kijani akawa anamzunguka mmoja wao. Akamzunguka tena, karibu zaidi. Ghafla wote wawili wakapanda juu kwa kasi, ubavu kwa ubavu, hadi karibu na kioo changu, wakaachia kiwingu cheupe kama tone la maziwa, wakashuka kila mmoja na lake.

Nimesoma fasihi, lakini hata mimi nilielewa.

Nilipandishwa mtumbwini pamoja na dumu. Nilikohoa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Umeona?" akauliza.

"Nimeona."

"Na bado kuna lingine hukuandika. Yule mume akivuliwa, mmoja wa wake zake, mkubwa wao, anaanza kubadilika rangi. Siku zikipita anakuwa wa kijani. Yeye ndiye anakuwa mume."

Kwetu, nikamweleza, mimi ni Nambeye na kaka yangu ni Simbeye, na maisha yangu yote nimegombana na makarani wanaosema majina mawili hayawezi kuwa nyumba moja. Halafu nikachukua kalamu na kuwafanyia hivyo hivyo samaki wa watu.

Alifikiri kidogo huku akisukuma mtumbwi kwa upondo. "Kwa hiyo huyo mke, akigeuka, kwenu angetoka Nambeye akawa Simbeye."

"Ndiyo."

"Basi mngeelewa haraka kuliko sisi," akasema. "Kama mngekuja kuangalia."

Njia nzima ya kurudi nilimweleza yaliyobaki: meza ya chakula, kitabu cha mitumba, utangulizi. Alisikiliza. Mwisho akauliza jambo moja tu: kama saa yangu inasema kweli. Ilisema saa tano na nusu.

Kwenye kifusi

Kijijini mtandao hupatikana sehemu moja, juu ya kifusi cha mawe ya kujengea nyuma ya shule. Tulipanda, mimi nikiwa bado nimelowa, nikaingiza vocha, nikapiga ofisi inayosimamia mtihani. Akapokea bwana mmoja mwenye sauti ya taratibu. Ndiye mtahini.

"Mimi ni mwandishi wa kile kitabu cha samaki mnachotumia."

"Oo! Hongera sana mama. Kinatusaidia mno."

"Ukurasa wa kumi na nne una kosa."

"La uchapaji?"

"La kwangu. Wale pono wawili ni mume na mke. Mama Mwanahawa alijibu sawa. Naomba mumpe alama yake kabla ya saa sita."

Nikasikia kurasa zikifunuliwa. "Una uthibitisho gani, mama?"

"Nimewaona leo asubuhi."

"Sasa hapo ndipo pagumu," akasema kwa masikitiko ya kweli. "Kwenye utangulizi mwandishi anasema ameshuhudia kwa macho yake kwa miaka mingi. Wewe unasema umeona asubuhi moja. Mimi nimwamini nani?"

"Ni mtu yule yule!"

"Ndiyo maana nakuuliza, mama. Nimwamini yupi?"

Mwanahawa alikuwa ameketi kwenye jiwe, ananing'iniza miguu, anatazama mbele. Hakunihimiza. Saa yangu ilisema saa sita kasoro dakika kumi. Nikavuta pumzi kama nilivyofundishwa na beseni.

"Yule wa kwenye utangulizi ni mwongo," nikasema. "Hakushuhudia chochote. Aliandika Tunduma."

"Tunduma ya mpakani?"

"Hiyo hiyo."

"Kuna bahari Tunduma?"

"Hakuna."

Kurasa zikafunuliwa tena hadi nikadhani vocha itakwisha. Kisha nikasikia kalamu ikiandika.

"Mama Mwanahawa nimempa alama yake," akasema. "Amefaulu. Kitambulisho chake atakifuata Jumatatu." Akakohoa. "Lakini mama, kitabu kina samaki arobaini. Hao wengine tuwafanyeje?"

"Yupo anayewajua. Niko naye hapa."

"Nani?"

"Mtahiniwa wenu."

"Mpe simu."

Nikampa. Akafuta mkono kwenye kanga kabla ya kuipokea. Akamsalimia, akamwulizia hali, watoto, kazi, joto la huko, huku mimi nikihesabu dakika za vocha. Hapo ndipo akaniomba kitabu nilichokuwa nacho begini, akakiweka magotini na kukifungua.

"Naam, na mimi ninacho. Ukurasa wa kwanza? Huyo sawa. Wa pili sawa, ila jina ni la samaki mwingine." Akafunua, akasita, akakisogeza kitabu karibu na macho. Akanitazama mara moja, si kwa ubaya, akarudi kwenye simu.

"Wa tatu, baba, usiandike kitu kwanza. Geuza kitabu. Huyo mmemweka tumbo juu."